Tukishaupata Mpira, Tunafanya Nini?

Hotuba hii niliitoa Jumamosi moja ya Oktoba 2025, Tanga, mbele ya makocha wa timu za vijana na walimu wa michezo. Wengi mliokosa nafasi ya kufika mmeniomba niiandike. Nimeiweka kama nilivyoisema, isipokuwa michoro ya ubaoni.

Ndugu makocha wenzangu, walimu wa michezo wa shule zetu, wazee wetu mliovaa jezi kabla yetu. Wazee, shikamooni. Wengine wote, habari za asubuhi. Najua wapo waliotoka Muheza na Pangani kwa bodaboda tangu alfajiri, na wapo wenye mechi jioni hii. Nitajitahidi nimalize kabla jua halijapanda sana, maana nusu ya nilichokuja nacho hakifundishiki ndani ya ukumbi.

Nianze na swali. Ni nani humu ndani alitazama mechi ya Taifa Stars na Zambia, tarehe 21 Januari 2024, kule San Pedro, Côte d'Ivoire? Inueni mikono. Naam. Karibu wote.

Basi mnakumbuka. Dakika ya 11 Mbwana Samatta anamtengea Simon Msuva, Msuva anatupia nyavuni. Kabla ya mapumziko Zambia wanakula kadi nyekundu, wanabaki kumi. Tunaongoza. Tuna mtu mmoja zaidi. Na tangu tulipokwenda Lagos mwaka 1980 hatujawahi kushinda mechi hata moja kwenye fainali za Mataifa ya Afrika. Usiku ule nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya duka la jirani yangu, watu wamejaa mpaka barabarani. Dakika ya 80 hakuna anayeongea. Dakika ya 85 mama anayekaanga mihogo pale pembeni ameacha karai lake, amesimama nyuma yetu na kijiko mkononi. Dakika ya 88 Patson Daka akapanda juu, akapiga kichwa. Moja kwa moja.

Siku tatu baadaye tukatoka 0-0 na Kongo. Tukamaliza na pointi mbili, mkiani mwa kundi. Kongo walimaliza na pointi tatu tu, sare tatu, wakashika nafasi ya pili, wakaenda mpaka nusu fainali. Fanyeni hesabu wenyewe. Zile dakika chache za San Pedro tungezimaliza salama, tungekuwa na pointi nne.

Tangu siku ile nimesikia maneno yale yale redioni, vijiweni, hata nje ya msikiti baada ya swala: tulifungwa kwa sababu tulirudi nyuma. Leo nimekuja kulipinga hilo. Timu inayoongoza ina haki ya kurudi nyuma. Kwa nilivyoiona mimi mechi ile, tatizo letu lilikuwa kwamba kila tulipoupokonya mpira tuliwarudishia wenyewe. Tukapokonya, tukarudisha. Tukapokonya, tukarudisha. Mtu ukimfungulia mlango mara ishirini, mara ya ishirini na moja ataingia.

Kujilinda na kushambulia kwa kushtukiza ni mbinu yenye nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kuupata mpira. Nusu ya pili ni kujua unaupeleka wapi. Sisi makocha wa vijana tunafundisha nusu ya kwanza kwa jasho na makelele, halafu ya pili tunamwachia Mungu. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Lakini kabla sijafika huko, kuna neno moja lazima tuliondoe njiani. Woga.

Ni nani humu hajawahi kuitwa mwoga kwa sababu timu yake ilikaa nyuma? Mimi nimeitwa, tena na mzazi, mbele ya watoto wangu, na iliniuma. Sasa niwaulize. Tarehe 7 Septemba 2023 Taifa Stars ilikwenda Annaba, Algeria, ikihitaji sare tu ili ifuzu. Algeria walikuwa wameshafuzu, kweli, lakini ni hao hao waliotufunga 3-0 Cairo mwaka 2019, na walikuwa kwao, mbele ya watu wao. Tulikaa nyuma. Tulikaba. Tuliziba mianya dakika 90, ubao ukasomeka 0-0, tukafuzu. Usiku ule kuna mtu alisema tulikuwa waoga? Kuna mtu? Mtaani kwangu watu waliimba mpaka saa nane za usiku.

Mbinu ile ile ikileta sare Annaba tunaiita ushujaa, ikileta sare San Pedro tunaiita woga. Ndugu zangu, hatuwezi kufundisha watoto kwa kipimo cha namna hiyo. Mtoto anataka kujua alichofanya sawa na alichokosea, na matokeo peke yake hayamwambii.

Timu ya taifa inaihitaji sana mbinu hii kwa sababu ya muda. Klabu inakaa na wachezaji wake kila siku, msimu mzima. Timu ya taifa inakutana siku chache. Huyu ametoka Ulaya, yule ametoka Uarabuni, mwingine alicheza ligi juzi na miguu bado mizito. Kumiliki mpira na kuujenga kutoka kwa kipa mpaka mbele ni lugha nzima, haijifunzwi kwa siku nne. Kujilinda kwa pamoja kunaweza kupangwa kwa siku nne, iwapo, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, iwapo wachezaji wamefika kambini wakiwa wanajua herufi zao. Kocha wa taifa hana muda wa kufundisha herufi. Herufi ni kazi yetu sisi.

Waangalieni Ugiriki wa mwaka 2004. Kabla ya mashindano yale ya Ulaya kule Ureno, Ugiriki walikuwa hawajawahi kushinda mechi hata moja ya fainali kubwa. Kombe la Dunia la 1994 walicheza mechi tatu, wakafungwa mabao 10, wao hawakufunga hata moja. Hali yao haikuwa tofauti sana na yetu. Akaja mzee wa Kijerumani, Otto Rehhagel, akawaambia ukweli kuhusu walichonacho na wasichonacho. Kwenye makundi waliruhusu mabao manne. Hatua ya mtoano hawakuruhusu hata moja. Ufaransa, mabingwa watetezi, 1-0. Wacheki, 1-0. Fainali Lisbon, tarehe 4 Julai, Ureno wenyeji, 1-0. Na mabao yote matatu yalikuwa ya kichwa. Hawakubahatisha mara tatu. Walijua bao lao litatoka wapi, wakalingoja kwa subira.

Watu waliwalaumu kwamba wanachosha kuwatazama. Labda. Nawaheshimu kwa moyo wangu wote.

Sasa twende kwenye nusu ya kwanza yenyewe. Mmeona ile kamba pale mlangoni? Ni kamba ya katani, ya hapa hapa kwetu. Nitawaambia kwa nini natembea nayo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mabeki wanne wa miaka 15. Kila mmoja peke yake alikuwa mkabaji hasa, mgumu, haogopi mguu wa mtu. Ukiwaweka pamoja walikuwa kama mbao nne zisizopigiliwa misumari. Nilipiga kelele kila siku: songeni, banana, songeni, banana! Hawakubanana. Nikadhani ni utukutu. Mpaka siku moja yule namba tatu, beki wa kushoto, mtoto mpole, akanijia baada ya mazoezi akaniuliza, "Mwalimu, tubanane kiasi gani?"

Nikakosa jibu. Miaka yote ile nilikuwa natoa amri isiyo na kipimo.

Kesho yake nilikwenda na kamba. Nikawafunga viunoni wote wanne, kati ya mtu na mtu hatua nane za kwangu mimi. Nikasimama mbele yao na mpira mkononi, nikaanza kutembea kuelekea upande wa kulia wao. Namba mbili, beki wa kulia, akanifuata, mabeki wa kati wakafuata. Namba tatu alibaki ng'ambo ile akimwangalia winga wake. Kamba ikakaza, ikamvuta, akayumba, akapiga goti moja chini. Wenzake wakacheka, na yeye akacheka. Halafu akaacha kucheka. Alikaa vile vile kwenye goti, akaitazama nafasi aliyokuwa ameiacha kati yake na beki wa kati, akaitazama tena. Nilimwona akielewa. Sikuongeza neno.

Siku ya nne nikaifungua kamba. Wakawa wanasogea kama bado wamefungwa. Yule namba tatu aliwekewa winga mwenye mbio, winga akikimbilia mstari wa pembeni ili amvute nje, na kila mara nilimwona anajigusa kiuno kwa mkono wa kushoto, anabaki kwenye mstari wake. Nyuzi za katani zilikuwa zimemwasha siku tatu nzima. Mwili wake ulikuwa umeshajifunza.

Huo ndio ukuta ninaousema, ukuta unaotembea. Mpira ukienda kushoto, wote mnakwenda kushoto. Ukienda kulia, wote kulia. Na baina ya mstari wa mabeki na mstari wa viungo pasibaki uwanja wa mtu kugeuka na mpira, kwa sababu namba kumi mzuri, yule mchezeshaji, anaishi hapo. Mkiwa mbali hatua kumi na tano, anapokea, anageuka, anainua kichwa, mmekwisha.

Mnataka kuuona ukuta huo kwa kiwango cha juu? Turudi Qatar, tarehe 6 Desemba 2022. Moroko na Hispania, hatua ya 16 bora. Walid Regragui alikuwa amepewa timu ile mwishoni mwa Agosti. Chini ya miezi mitatu akawa kwenye Kombe la Dunia. Hispania walipiga zaidi ya pasi 1,000 usiku ule. Zaidi ya pasi elfu moja, dakika 120, bao hakuna. Walipita pembeni, wakarudi katikati, wakaenda pembeni nyingine, wakarudi. Sofyan Amrabat amesimama mbele ya mabeki wake kama mlinzi wa geti, hafukuzi kila mtu apitaye, anangoja. Na mtazameni mshambuliaji wao, Youssef En-Nesyri. Hakuwa anawakimbilia mabeki wa Hispania hovyo. Alikaa karibu na Sergio Busquets, akaikata njia inayopitia kwake. Mshambuliaji! Namba tisa! Niambieni ukweli, ni wangapi kati yetu tumewahi kumfundisha namba tisa wetu kazi ya kukaba kwa kusimama mahali panapotakiwa? Sisi tunamwambia "kimbia, wasumbue." Anakimbia dakika ishirini, amechoka, tukipata mpira hana mbio tena.

Mechi ikaenda penalti. Yassine Bounou akadaka mbili, nyingine ikagonga mwamba, na Achraf Hakimi, aliyezaliwa Madrid, akamaliza kazi kwa kuuinua mpira taratibu katikati ya lango. Siku nne baadaye wakaifunga Ureno 1-0 kwa kichwa cha En-Nesyri. Mpaka wanafika nusu fainali, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale, bao pekee lililoingia langoni mwao walikuwa wamejifunga wenyewe.

Kwa haraka niseme hili, maana kuna mtu ataniuliza: kujilinda si lazima uwe kwenye boksi lako. Saudia walipoifunga Argentina 2-1 kwenye mashindano hayo hayo, mabeki wao walipanda karibu na mstari wa kati, na Argentina wakakamatwa wameotea mara kumi. Ni ukuta ule ule, umesogezwa mbele. Unahitaji ujasiri mkubwa na mabeki wenye mbio. Sipendekezi kwa watoto wa miaka 13.

Haya. Sasa mpira tumeupata. Tunafanya nini?

Niwasimulie siku iliyonifundisha. Ilikuwa fainali ya mashindano ya vijana, timu yangu na timu kutoka mkoa mwingine, timu nzuri kuliko yetu. Kamba ilikuwa imefanya kazi yake. Tulikaa imara. Mapumziko 0-0. Kipindi cha pili nilikaa na daftari dogo la kurasa za mistari, na kila tulipoupokonya mpira halafu tukaubutua bila kuangalia, nilichora kijistari. Nilianza kwa kuwapongeza: hodari, hodari, toa hiyo! Vijistari vikajaza mstari wa kwanza. Vikajaza wa pili. Dakika ya 70 nilikuwa nusu ya ukurasa, na nikagundua kwamba tangu mapumziko mpira haujavuka nusu ya uwanja ukiwa miguuni mwa mchezaji wangu hata mara moja. Wanangu walikuwa wanakimbia nyuma ya mpira waliokuwa wanaupata wenyewe na kuutoa wenyewe. Dakika ya 84 miguu iliwaisha, tukafungwa. Dakika ya 89 tena.

Daftari lile ninalo mpaka leo. Kila kijistari pale ni "toa hiyo" ya kwangu. Watoto walinitii.

Kwa nini pasi ya kwanza ni kila kitu? Fikirini timu inayoshambulia imekaaje. Mabeki wake wa pembeni wamepanda. Viungo wake wametawanyika kutafuta nafasi. Imebaki na watu wawili, watatu nyuma, na uwanja mzima uko wazi mbele yao. Inapopoteza mpira, kwa sekunde tano hivi, haina umbo. Baada ya sekunde hizo wamesharudi, na nafasi imefungwa. Lakini katika sekunde hizo hizo, wachezaji wao walio karibu na mpira wanaurukia kwa nguvu zote ili waurudishe. Kwa hiyo aliyeupokonya amezungukwa, wakati uwanja mwingine wote hauna mtu. Pasi ya kwanza kazi yake ni moja: kuutoa mpira kwenye msongamano, kuupeleka kwenye uwazi. Inaweza kuwa ya mita tano. Inaweza kwenda pembeni. Ikibidi inaweza hata kurudi nyuma kidogo. Lakini ina anwani.

Kubutua hakuna anwani.

Tarehe 2 Julai 2018, Rostov, Urusi. Ubelgiji na Japani, 16 bora. Japani waliongoza 2-0, Ubelgiji wakasawazisha. Dakika za nyongeza zinaisha, dakika ya 94, Japani wanapata kona. Keisuke Honda anaipiga. Kipa Thibaut Courtois anaidaka. Simamisheni picha hapo. Kipa wetu angefanya nini? Angeanguka na mpira, angekumbatia nyasi, angepoteza sekunde kumi. Sote tungempigia makofi. Courtois, hata hajasimama vizuri, tayari anatembea mbele, anauviringisha mpira kwa mkono kwa Kevin De Bruyne anayekimbia. De Bruyne haupigi mbele. Anaukokota katikati ya uwanja, anawavuta Wajapani wamfuate. Romelu Lukaku anakimbia kuingia ndani, na beki wa Japani anaingia naye, kwa hiyo kulia kunabaki wazi. De Bruyne anampa Thomas Meunier pale palipobaki wazi. Meunier anakata krosi ya chini. Lukaku yuko pale, lango liko mbele yake, na anafanya jambo ambalo mimi kila nikilitazama nywele zinanisimama: anaupisha. Anauacha mpira upite miguuni mwake kwa sababu anajua Nacer Chadli anakuja nyuma yake. 3-2. Tangu mikononi mwa kipa mpaka nyavuni hazikufika sekunde kumi na tano.

Hesabuni pamoja nami kuna maamuzi mangapi mle. Kipa anaamua kutoa haraka. De Bruyne anaamua kukokota. Lukaku anaamua kukimbia mahali ambapo hapewi mpira, halafu anaamua kuuacha mpira aliopewa. Meunier na Chadli wanaamua kukimbia uwanja mzima dakika ya 94, wakati kila mtu anangoja muda wa ziada. Mbio ni sehemu ndogo tu. Walikuwa wanajua.

Na msidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Tarehe 31 Mei 2002, Seoul, Senegali wanacheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, na wa kwanza kukutana nao ni Ufaransa, mabingwa wa dunia. Kocha wao Bruno Metsu alijaza watu katikati, mbele akamwacha El Hadji Diouf karibu peke yake. Dakika ya 30 Diouf anapata nafasi ya kukimbia upande wa kushoto, anamwacha Frank Leboeuf, anaingiza krosi. Na pale langoni ni nani amefika? Papa Bouba Diop, kiungo. Kiungo! Alikuwa amekimbia kutoka katikati. Mpira ukamgonga kipa, Diop akaumalizia akiwa chini. Kama Diop angebaki kule nyuma akimwangalia Diouf na kusema "peleka, kaka," leo tusingekuwa tunalizungumza bao lile. Krosi inahitaji mtu wa kuifikia.

Na karibu zaidi na hapa, wenzetu wa Kenya, tarehe 10 Agosti mwaka huu, CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Kasarani. Moroko tena. Ryan Ogam anafunga dakika ya 42. Kabla ya mapumziko Chrispine Erambo anatolewa kwa kadi nyekundu. Kumi kwa kumi na moja, kipindi kizima. Wakashinda 1-0. Moroko wale wale siku kumi na mbili baadaye wakaja uwanja wa Mkapa wakatutoa sisi 1-0, na mwisho wa mwezi wakabeba kombe. Harambee Stars ya Benni McCarthy ndiyo timu pekee iliyowafunga. Tuwapigie makofi majirani zetu, wanastahili.

Sasa niwe mkweli kwenu, maana sikuja kuuza dawa ya kila ugonjwa. Mbinu hii ina udhaifu mmoja mkubwa: ukifungwa mapema, mpango wote unayumba. Moroko waliocheza kwa subira ile dhidi ya Hispania na Ureno walifungwa na Ufaransa dakika ya tano ya nusu fainali. Nahodha wao Romain Saïss alianza akiwa na maumivu, akatoka mapema. Ikabidi waufuate mpira, wafunguke, na Ufaransa wakaongeza la pili dakika ya 79. Lakini kwa macho yangu Moroko walicheza vizuri sana usiku ule baada ya kufungwa. Azzedine Ounahi, yule namba nane ambaye hata Luis Enrique wa Hispania alikiri hadharani kwamba alimshangaza, aliendelea kuubeba mpira katikati ya watu kana kwamba bado ni sare. Walikuwa na nusu ya pili ya mbinu. Timu yenye nusu ya kwanza tu ikifungwa dakika ya tano, dakika 85 zinazobaki haina cha kufanya.

Ndiyo maana nawasihi, kwa unyenyekevu, kila mtu arudi kwenye timu yake na kitu hiki kimoja. Mazoezini, wagaweni watoto, wanane washambulie, saba wakabe. Wale saba wakiupokonya mpira, bao lao likipatikana ndani ya sekunde kumi lihesabiwe mawili. Hamtahitaji kupiga kelele "haraka," watoto wanapenda mabao. Na yeyote atakayebutua bila kuinua kichwa, msimtukane. Simamisheni mchezo, mrudisheni mahali pale pale, mwulizeni kwa upole: ungemwona nani? Mwacheni ageuke aangalie mwenyewe. Mara ya kwanza hataona mtu. Mara ya kumi atamwona winga. Mara ya mia hatasubiri kuulizwa.

Na mpira wa kona ukiwa wa wapinzani, acheni mtu mmoja karibu na mstari wa kati. Najua moyo unataka warudi wote. Msiwarudishe wote. Huyo mmoja atawalazimisha wao wabakize wawili, na mtakuwa na mahali pa kuupeleka mpira.

Desemba tunakwenda Moroko kwenye fainali za Mataifa ya Afrika. Kundi letu lina Nigeria, Tunisia na Uganda. Dhidi ya Nigeria hatutashika mpira muda mrefu, hilo tulikubali sasa hivi tukiwa tumetulia, tusingoje kulilalamikia vijiweni. Tutakaa nyuma. Tutaupokonya, tena mara nyingi, kwa sababu vijana wetu kukaba wanajua. Na kila watakapoupokonya, mimi nitakuwa kwenye benchi lile lile nje ya duka, nikitazama kitu kimoja tu: je, kichwa kimeinuka?

Wachezaji wa Desemba hatuwezi kuwafundisha tena, wako mikononi mwa wengine. Lakini atakayevaa jezi ile mwaka 2033 ana miaka kumi na mbili sasa hivi, na huenda jioni hii ana mechi na mmoja wenu.

Nimesema vya kutosha. Nahitaji watu wanne wa kuwafunga kamba. Kocha wa Pangani, umecheka sana nilipotaja namba tatu, wewe utakuwa namba tatu wetu. Wengine chukueni koni pale kona, na mtu mmoja atuletee saa ya kuhesabu sekunde. Twendeni uwanjani.